Wawili, chuma kimoja: shajara ya wiki 12 za nguvu na pumzi

Vifaa: chuma kirefu kimoja, stendi moja, benchi, sahani za uzito, mashine moja ya kupiga makasia. Watu wawili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nguvu, Jumamosi pumzi, kwa wiki 12. Mwenzangu ni ndugu wa mke wangu, kwa hiyo humu ndani ni Shemeji, kama ninavyomwita siku zote. Na yeye ananiita hivyohivyo, jambo linalowachanganya wanaotusikia. Ana kilo 90 na ni mrefu. Mimi nina kilo 72, na tukisimama bega kwa bega, bega langu ndilo linaloinua shingo.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye yeye na mwenza wake wa tizi hawalingani. Wanaolingana wana matatizo yao, sisi hatuyajui.

Jumapili, 5 Januari. Vipimo vya mwanzo

Hatukupima uzito wa juu kabisa wa rudio moja. Tumepima uzito ambao mtu anauinua mara 5 bila kuvunja umbo, halafu tukakadiria kwa kanuni ya Epley: uzito mara (1 + marudio ÷ 30). Kilo 60 mara 5 inatoa 70. Kwa kupangia ratiba inatosha.

Kilo za marudio 5, mimi: kuchuchumaa na chuma begani 75, kusukuma benchi 60, kunyanyua kutoka sakafuni 100. Shemeji: 110, 75, 140. Makasia mita 2,000: mimi dakika 8 na sekunde 36, yeye 7 na 30.

Mpango ni wa zamani kuliko sisi wote. Unaanza chini ya uwezo wako na kuongeza mzigo kidogokidogo, njia ambayo daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme aliitumia miaka ya 1940 kuwarudishia nguvu askari waliojeruhiwa. Sisi tutafanya seti 3 za marudio 5, tukiongeza kilo 2.5 kila zamu ya mazoezi, maana sahani yetu ndogo kabisa ni ya kilo 1.25 na lazima iwekwe kila upande.

Jumatatu, 6 Januari. Ndoano

Siku ya kwanza, kosa la kwanza. Shemeji alianza kuchuchumaa, tukaziacha ndoano za stendi usawa wa bega lake. Zamu yangu ikafika. Nikaingia chini ya chuma, nikasimama kwa vidole vya miguu ili kukitoa. Upande wa kulia ukatoka. Wa kushoto ukabaki umenasa. Chuma kikalala mshazari, na kwa kuwa hatukuwa tumefunga vibanio, sahani mbili za kulia zikateleza hadi sakafuni. Upande wa kushoto, uliokuwa mzito sasa, ukashuka kwa kishindo. Hakuna aliyeumia, ila sakafu ina alama.

Marekebisho: ndoano zinakaa usawa wa kifua cha mfupi, siku zote. Mrefu akikunja magoti kidogo zaidi kukitoa chuma hapotezi kitu. Mfupi akisimama kwa vidole anahatarisha shingo. Na vibanio vinafungwa hata chuma kikiwa na kilo 40 tu.

Ijumaa, 10 Januari. Dakika 34

Zamu tatu za kwanza zilichukua karibu saa mbili kila moja. Leo niliwasha saa ya simu kila tulipogusa sahani. Jumla ikawa dakika 34 za kutoa na kuweka chuma. Nusu saa tunafanya kazi ya ukuli isiyo kwenye ratiba.

Chanzo ni kwamba kila mtu alikuwa anapanga uzito wake kana kwamba yuko peke yake. Mimi 60, yaani 20 kila upande. Yeye 95, na akawa anatoa ile 20 yangu ili aweke 25, 10 na 2.5. Sasa tunaanza na hesabu ya pamoja: sahani za mfupi zinaingia kwanza na hazitoki. Yeye anaongeza tu 15 na 2.5 nje ya 20 yangu. Zinazoingia na kutoka ni mbili kila upande, na kila mmoja ana upande wake. Muda ulioenda kwenye sahani ukashuka hadi dakika 11.

Faida ya pili hatukuitegemea. Zamu ya mwenzako pamoja na kubadili sahani inachukua kama dakika 3, na hizo ndizo dakika za kupumzika tulizozitaka kati ya seti. Hatuangalii tena saa.

Ijumaa, 17 Januari. Tabata isiyogawanyika

Tulitaka kumalizia zamu kwa raundi za Tabata kwenye makasia. Utafiti wa Izumi Tabata na wenzake wa mwaka 1996 ulitumia sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika, raundi 7 hadi 8, kwenye baiskeli, kwa nguvu inayozidi kabisa kiwango cha juu cha mwili kutumia oksijeni. Sisi tuna mashine moja. Raundi ya pili ndipo tulipoona ujinga wetu: mimi napumzika sekunde 10, yeye anahitaji 20 za kazi. Sekunde 10 zilizobaki nani atazilipa? Tukajikuta tunasukumana kwenye kiti.

Halafu ilikuwa baada ya kuchuchumaa. Miguu ilikwisha kabla ya pumzi. Pumzi imehamia Jumamosi peke yake.

Ijumaa, 31 Januari. Kilo 70!

Benchi, kilo 70, seti 3 za marudio 5. Wiki nne zilizopita 60 ilikuwa ndiyo mwisho wangu. Shemeji amefika 85. Niliandika namba hii kwa kalamu nyekundu. Naiacha hapa kama nilivyoiandika.

Jumatatu, 3 Februari. Shemeji amesafiri

Ameondoka kwa wiki nzima. Nikaweka mikono ya usalama ya stendi (vyuma vinavyodaka mzigo ukikushinda) chini kidogo ya usawa wa kifua, nikapunguza hadi 67.5 kwa tahadhari, nikalala benchi.

Rudio la kwanza likapanda. La pili likapanda kama mzee anayepanda ngazi. La tatu likafika katikati na kukataa. Nilikaa pale chini ya chuma kama sekunde 4 nikisubiri sijui nini, kisha nikakishusha polepole kwenye mikono ya usalama na kutoka kwa ubavu.

Nikasema ni uchovu. Ijumaa, 7 Februari, nikiwa nimelala vizuri, nikajaribu tena kwa kupanda taratibu: 60 mara 5 sawa, 62.5 mara 5 kwa shida, 65 mara 3 tu. Kwa hiyo baada ya wiki tano nimepata kilo 2.5. Kalamu nyekundu ilisema 10.

Jumatatu, 10 Februari. Mizani

Nilimpigia Shemeji kabla hajarudi, maana nikisukuma benchi yeye ndiye husimama nyuma kukishika chuma kikinishinda. "Shem, unanisaidia kusukuma?" Akaapa: vidole viwili tu, tena kwa rudio la mwisho tu.

Tukaipima. Nimeleta mizani ya kupimia uzito wa mwili, ile ya mshale. Ya dijitali haifai kwa hili kwa sababu inasoma mara moja na kuganda. Shemeji akasimama juu ya mizani nyuma ya benchi, mshale ukasoma 90. Anayevuta chuma kwenda juu anasukumwa chini kwa nguvu ileile, kwa hiyo chochote kinachozidi 90 ni mzigo alionibebea. Simu ikawekwa sakafuni ikirekodi mshale. Nikalala na kilo 70, naye akanishika kama alivyozoea.

Rudio la kwanza: 90. La pili: 92. La tatu: 95. La nne: 97. La tano mshale uligusa 101.

Vidole viwili vilikuwa vinainua kilo 11. Na hajui! Alitazama rekodi mara tatu na kuniambia mizani ni mbovu. Tukabadilishana. Mimi juu ya mizani, 72, yeye akisukuma 85. Rudio la nne nilisoma 76, la tano 79. Kumbe na mimi ni yaleyale. Ukimwona mwenzako anasuasua, mkono unakwenda wenyewe kabla hujaamua. Kwa Kiswahili cha mtaani rafiki ni mshikaji, na sisi tulilitimiza neno hilo kupita kiasi.

Kilichotuponza siyo hatari. Ni shajara. Kwa sababu kila namba iliyoandikwa ndiyo msingi wa namba ya zamu inayofuata, msaada mdogo wa wiki ya kwanza ulizaa msaada mkubwa wa wiki ya nne. Nilipoongeza 2.5, yeye ndiye aliyeongeza 2.5.

Sheria mpya, zimebandikwa ukutani:

Mshikaji anasaidia kutoa chuma kwenye ndoano, kisha anasema "chako" na kuondoa mikono yote. Mikono inakaa wazi chini ya chuma bila kukigusa. Anakishika kwa mambo mawili tu: aliyelala akisema "shika", au chuma kikianza kurudi chini. Kusimama siyo kurudi. Chuma kikisimama, subiri. Kikishikwa, seti imeisha hapohapo na rudio hilo haliandikwi.

Kwa kuchuchumaa tumeacha kushikana kabisa. Mikono ya usalama ya stendi inafanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu wa kilo 72 anayejaribu kumkumbatia kwa nyuma mtu wa kilo 90 mwenye kilo 110 mabegani. Kunyanyua kutoka sakafuni hakuna cha kushika. Kikikushinda, kiache kishuke.

Gharama: wiki tano za namba za benchi zimefutwa. Mimi naanza upya 57.5, Shemeji 72.5, na nyongeza ni mara moja kwa wiki.

Jumatano, 19 Februari. Mgongo

Hili ni langu peke yangu. Shemeji alikuwa ananyanyua 147.5 kutoka sakafuni, kwa raha. Karatasi yangu ilisema 107.5. Nikasikia aibu fulani kuona ametoa sahani nyingi hivyo ili zamu yangu ifike, nikamwambia acha hizo za 5, tutaona. Ikawa 117.5. Rudio la kwanza lilitoka. La pili mgongo ukapinda na nikasikia kitu kinakaza upande wa kushoto juu ya kiuno, kama kamba iliyovutwa ghafla.

Haikushuka mguuni, hakukuwa na ganzi, na nilitembea mwenyewe hadi nyumbani. Nikaachana na chuma, nikawa natembea kila siku. (Ganzi, udhaifu wa mguu, au maumivu yanayoshuka hadi chini ya goti ni habari nyingine, hiyo ni ya daktari, siyo ya shajara.) Siku ya tano nilichuchumaa bila mzigo. Siku ya tisa nikarudi.

Gharama: siku 9, zamu 3 za nguvu na Jumamosi 1. Kwa ajili ya kilo 10 ambazo hakuna aliyeniomba.

Ijumaa, 28 Februari. Kadi

Nimerudi, benchi 60, mgongo kimya. Kuanzia leo kila mtu anaandika namba zake kwenye kadi akiwa nyumbani na kumpa mwenzake mlangoni. Anayepakia sahani ni mwenzako, na anapakia kilichoandikwa. Kupunguza ruksa. Kuongeza, hapana, hata ukisihi. Leo nilisihi kidogo, nikanyimwa.

Wakati nimelala na mgongo nilisoma mambo mawili yanayotuhusu. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba na kukuta kwamba wakiongezeka, kila mmoja anavuta kidogo kuliko alivyovuta peke yake. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Otto Köhler, katika miaka ya 1920 alikuta kitu kinachoonekana kinyume: wapiga makasia walipoinua mzigo wawili wawili, yule dhaifu alidumu zaidi kuliko alivyodumu peke yake, hasa tofauti kati yao ilipokuwa ya wastani. Ikiwa ndogo sana au kubwa sana, faida inapungua.

Nikaona benchi letu lilikuwa kamba ya Ringelmann. Chuma kimoja, mikono minne, hakuna ajuaye nani kavuta nini. Na kwenye mgongo wangu tofauti ilikuwa kubwa mno kwa mimi kufaidika na kushindana. Kwa uzito hatutakutana, basi tutafute mahali tunapokaribiana.

Jumamosi, 1 Machi. Deni la makasia

Mahali hapo si makasia, angalau si kwa namna tuliyokuwa tukiyapiga. Tangu Januari Jumamosi zetu zilikuwa za kupokezana: mita 250 wewe, mita 250 mimi, raundi 8. Kila wiki namaliza nikiwa hoi, yeye anaimba. Nilidhani nina pumzi mbovu tu.

Leo nilipiga hesabu. Yeye mita 250 anazimaliza kwa sekunde 50, mimi 60. Kwa hiyo mimi nafanya kazi sekunde 60 na kupumzika 50 zake. Yeye anafanya kazi 50 na kupumzika 60 zangu. Yaani ukipokezana kwa umbali, mwepesi ndiye anayepumzika zaidi na mzito wa mwendo ndiye anayebanwa, na kadiri ninavyochoka yeye ndiyo anazidi kupumzika. Wiki zote hizo hatukuligundua kwa sababu sekunde 10 zinaonekana si kitu. Kwa raundi 8 ni sekunde 80 kwake, na 80 nyingine zimekatwa kwangu.

Sasa tunapokezana kwa muda: sekunde 40 za kazi, 15 za kubadilishana kiti na kufunga miguu, kisha mwenzako 40. Kila mmoja anapata 40 kwa 70. Alama ni mita zako mwenyewe dhidi ya mita zako za wiki iliyopita. Leo nilimaliza raundi 8 na nikaweza kusimama.

Jumamosi, 8 Machi. Mlimani

Kwenye kukimbia mambo yanageuka. Kilo 18 za ziada za Shemeji zinapanda mlima pamoja naye. Mteremko wa mita 60, mara 8, kushuka kwa kutembea. Wiki zilizopita nilikuwa nafika mbele na kumsubiri, naye alikuwa anakata tamaa nusu ya njia. Sasa namwachia mwanzo. Tulijaribu mita 12 mbele yangu, akashinda zote kwa kejeli. Mita 5, nikashinda zote. Tumetulia kwenye 8: leo yeye 4, mimi 4, na raundi ya nane tulipima kwa kubishana. Sijawahi kumwona akikimbia vile.

Mbio nyepesi za dakika 30 baada ya hapo hazihitaji kifaa. Ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni mwepesi. Shemeji akiacha kulalamika najua tumezidisha.

Jumatatu, 17 Machi. Akiba

Tangu kadi zianze tunaandika pia akiba: marudio mangapi mtu alikuwa amebakiza mwisho wa seti. Tunataka 2. Leo tukaongeza kitu: aliyeinua anaandika yake, aliyetazama anaandika yake, kisha tunafunua.

Benchi 65 mara 5, nikaandika 0. Shemeji aliandika 2. Tukabishana, nikapumzika dakika 4, nikarudi kwenye uzito uleule na kusukuma hadi mwisho, mikono yake hewani. Nilitoa 7. Kuchuchumaa ikawa kinyume: yeye aliandika akiba 3 kwa 115, mimi niliandika 1, kwa kuwa rudio la tano lilikuwa limechukua muda karibu mara mbili ya la kwanza. Hilo hatukulijaribu. Nadhani nilikuwa sahihi, yeye anasema nina wivu.

Kasi ya chuma inasema ukweli kuliko uso wa anayekiinua. Mimi nakunja uso tangu rudio la pili.

Jumamosi, 29 Machi. Vipimo vya mwisho

Wiki nzima tulipunguza: seti nusu, uzito uleule. Leo marudio 5 kwa sheria za ukutani, mshikaji juu ya mizani.

Mimi: kuchuchumaa 87.5 kutoka 75, benchi 67.5 kutoka 60, sakafuni 110 kutoka 100, makasia 8:09 kutoka 8:36. Shemeji: 120 kutoka 110, 80 kutoka 75, 152.5 kutoka 140, na makasia 7:19 kutoka 7:30. Mgongo umenila sakafuni, hapo nilitegemea 115.

Zamu za nguvu nilizofanya ni 31 kati ya 36, Jumamosi 9 kati ya 12. Gharama kubwa kuliko mgongo ni zile wiki tano za benchi, na ndizo ambazo mtu anayefuata ratiba hii anaweza kuziepuka kabisa: leta mizani siku ya kwanza. Kitu ambacho sikukitatua ni namna ya kuchuchumaa tukiwa na haraka. Ndoano za mfupi na sahani za pamoja zinasaidia, lakini zamu bado ni saa 1 na dakika 20.

Kwa benchi la 67.5 tulirekodi mshale tena. Rudio la tano lilisimama katikati, nikahesabu moja, mbili, nikasikia Shemeji anavuta pumzi juu ya kichwa changu, kisha likapanda. Mshale ulisoma 91 tangu mwanzo hadi mwisho. Mikono yake haikuwepo, tumeitazama rekodi mara mbili. Ile kilo moja ni yake, ameinenepa mwenyewe.